Mashine ya Soda ya Mkwe

Mke wangu alikuwa amenionya mara mbili, na mara ya pili alikuwa ameshika mwiko. Hakutaka kuona bati lingine lenye kutu likipandishwa kwetu. Wakati huo nyuma ya nyumba kulikuwa na majokofu matatu yaliyokufa, moja likiwa limegeuzwa na kuku kuwa chumba cha kutagia, feni mbili za dari, mota ya mashine ya kusaga, na cherehani ambayo mpaka leo nakana kwamba ni mimi niliyeileta. Mimi ni fundi friji. Kwa fundi friji hivyo vyote ni vipuri. Kwa mwanamke anayetafuta mahali pa kuanika maharage ni takataka, na alilisema neno hilo kwa sauti iliyovuka bonde.

Kwa hiyo siku ya ibada ya mavuno, nilipoiona ile mashine imesimamishwa mbele ya kanisa kati ya mikungu ya ndizi na matenga ya matunda ya plamsi, nilijua kabisa kwamba siruhusiwi kuitazama. Nikaitazama.

Ilikuwa mashine ya kuuzia soda, ya zamani sana. Hoteli moja ya huku mlimani ilikuwa inasafisha stoo yake, na mwenyewe akaona badala ya kuitupa aitoe sadaka. Ilinizidi urefu. Ubavuni ilikuwa na kijimlango chembamba cha kioo, na nyuma ya kioo kulikuwa na matundu ambamo chupa za soda hulazwa, shingo zikichungulia nje. Unatumbukiza shilingi, unafungua kijimlango, unavuta chupa moja, na mashine inazibana zilizobaki. Nilipokuwa mdogo niliwahi kuona kama hiyo kwenye hoteli ambako baba yangu alikuwa mpishi. Niliiona ikimpa mtu soda bila kumwuliza yeye ni mtoto wa nani, na toka siku ile nikaitamani.

Kwetu baada ya ibada ya mavuno kuna mnada. Kila kilicholetwa madhabahuni kinauzwa, na raha ya mnada ni kwamba mtu anaweza kununua kitu si kwa ajili yake bali kumtunza mwingine. Huyu ananunua jogoo anampa mwinjilisti, yule ananunua mkungu wa ndizi anampa mama mchungaji, na vigelegele vinapigwa. Mzee wa kanisa aliyekuwa akiendesha mnada aliupigapiga ubavu wa ile mashine kama anayeuza ng'ombe. Watu wakacheka tu. Ilikuwa mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa la kanisa, wazee wamevaa makoti mawili mawili. Nani Lushoto anataka soda baridi mwezi wa saba?

Nikasikia sauti inataja bei, na sauti ilikuwa yangu.

Mke wangu alikuwa amesimama na kwaya, safu ya mbele. Aligeuza shingo taratibu. Nimekaa na mwanamke yule miaka kumi na tisa, jicho lile nalijua, na nilijua kwamba nikifika nyumbani na mashine ile sitakula. Hapo ndipo nilipofanya ujanja ambao kwa muda wa dakika tano niliuona kuwa ndio ujanja mkubwa kuliko wote maishani mwangu. Nikapaza sauti, nikasema, "Namnunulia mkwe wangu!"

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Akina mama walirusha kanga juu. Mzee wa kanisa alinishika mkono akasema vijana wa siku hizi waige mfano. Na mke wangu, mbele ya kanisa zima, angesema nini? Kwamba mama yake asipewe zawadi? Akabaki anatabasamu kwa meno tu.

Hapa inabidi nieleze habari za mkwe. Mama mkwe wangu alikuwa kwetu tangu wiki chache kabla ya hapo, mkono wa kushoto ukiwa umefungwa hogo, ile plasta ngumu ya mfupa uliovunjika. Kwake ni Vuga, anakaa peke yake kwenye nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe. Asubuhi moja ya mvua aliteleza uani akaanguka, na akalala pale pale kwenye tope toka ng'ombe wanakwenda malishoni mpaka jirani alipokuja mchana kuazima ungo. Mke wangu alipopata habari alipanda pikipiki na nguo zake za shamba, akarudi naye jioni. Toka siku hiyo simu ikiita asubuhi mke wangu hushika kifua kabla ya kuishika simu.

Ila mama mkwe kukaa kwa mkwe wake si jambo jepesi. Kwenye ukoo wao mtu na mama mkwe wake hawali pamoja, hawashikani mikono, hawatazamani usoni wala hawasemezani ana kwa ana. Tukikutana njiani mmoja wetu anaingia kwenye migomba mpaka mwenzake apite. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa siijui vizuri sura ya mama huyu. Miguu yake ndiyo niliyokuwa naijua. Shikamoo nilikuwa nampa, hilo halina mjadala, lakini niliutolea ukuta wa jiko, na ukuta ulinijibu marahaba. Ujumbe ukitakiwa kupita unapitia kwa mke wangu. Mke wangu asipokuwepo, unapitia kwa kuku.

Sitanii. Tuna kuku mmoja mweupe, mzito, asiye na haraka na maisha. Mkwe akiwa jikoni nami nikiwa sebuleni, utamsikia anamwambia yule kuku, "Mwambie mwenye nyumba mlango wa zizi uko wazi." Nami namwambia kuku, "Mwambie mama nimesikia." Kuku anaendelea kudonoa mahindi. Kwa njia hiyo tumewahi kupanga mazishi ya shangazi mmoja toka mwanzo mpaka mwisho.

Mashine ilipandishwa kwetu na vijana wanane wa usharika, wakaisimamisha barazani. Mke wangu akaingia jikoni kumweleza mama yake. Nilikuwa nimepanga kwamba mama atashukuru, atacheka, atasema vitu vya umeme ni vya vijana, kisha mashine itabaki yangu kwa amani. Badala yake fimbo yake ikasikika inakuja mpaka mlangoni. Mimi nikatazama upande wa bonde. Alikaa anaikagua kwa muda mrefu kuliko mzee wa kanisa alivyoikagua, kisha akamwita kuku.

"Mwambie mkwe nimeipokea. Mungu amzidishie." Akaligonga bati kwa fimbo. "Na mwambie isipakwe nyekundu."

Nilishikwa na hasira papo hapo. Mimi hasira zangu ziko karibu, hilo watu wanalijua. Chini ya kutu ile nilikuwa nimeshaiona nyekundu yake ya asili, nyekundu iliyoiva, na mtu anayefufua kitu cha zamani hukirudisha kilivyokuwa. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Nikamwambia kuku, kwa heshima zote nilizokuwa nazo, kwamba nyekundu ndiyo rangi ambayo mashine ilizaliwa nayo.

"Mwulize," mkwe akamwambia kuku, "ni mashine ya nani?"

Ikapakwa kijani, kama mlango wa nyumba yake ya Vuga.

Lakini kabla ya rangi kulikuwa na miezi ya kazi. Panya walikuwa wamezaliana mle ndani vizazi na vizazi, wametafuna nyaya zote, na kitanda chao walikuwa wamekishona kwa sufi ya kuzuia joto iliyokuwa ndani ya kuta zake. Nilikwangua kutu kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa mkavu, kisha kwa msasa wa maji, mpaka vidole vikapoteza alama. Kompresa ya zamani, ule moyo unaosukuma gesi ya baridi, ilikuwa imekufa. Nikang'oa nyingine kwenye jokofu lililokuwa la kuku, jambo lililoleta ugomvi na kuku wakagoma kutaga wiki nzima. Mpira wa mlango nikaukata kutoka kwenye friji nyingine na kuushona kona. Mtambo wa kupokelea shilingi niliufungua juu ya kitambaa cheupe, nikaupanga chuma kwa chuma, na mke wangu akakipita kile kitambaa bila kukigusa. Alikuwa bado na kisirani, lakini alikipita.

Siku zote hizo nilikuwa najua kwamba natazamwa. Ukuta wa jiko letu ni wa mabanzi ya mbao, na kati ya banzi na banzi kuna nafasi. Nikifunga nati, kikohozi. Nikiwasha mtungi wa kulehemu, kikohozi. Mara moja nilichomeka rilei vibaya, kile kidude cheusi chenye ukubwa wa kiberiti kinachoisukuma kompresa ianze kazi, na nikasikia mtu nyuma ya mabanzi anaguna kama mwalimu aliyeona hesabu imekosewa. Nikakigeuza, kompresa ikaitikia. Sikumwambia mtu.

Kazi ikiwa katikati, hogo likafunguliwa. Mkono umeunga vizuri, daktari akasema, mama anaweza kurudi kwake. Jioni hiyo hiyo shemeji yangu akapiga simu kutoka Korogwe. Shemeji huyu ni mtoto wa kiume wa pekee wa mkwe, mtu wa pick-up na miwani ya jua. Alikuwa hataki mama akae kwake Korogwe, na mama mwenyewe asingeliweza joto la kule. Alichotaka ni mama arudi Vuga na msichana wa kazi, ili watu waache kusema kwamba mama mwenye mtoto wa kiume anazeekea kwa mkwe. Alisema aibu ile inamnyima usingizi. Ninavyomjua mtu yule, hulala fofofo.

Simu ilikuwa imewekwa spika. Mke wangu alikuwa anakata mboga na kisu kikasimama. Na mkwe akajibu, kwa utulivu kabisa, "Nitarudi, baba. Nangoja mashine yangu tu. Mkwe hajamaliza."

Shemeji akasema sawa. Zawadi ya mkwe ni zawadi ya mkwe. Hata yeye na miwani yake analijua hilo. Tukawa tumepata sababu ambayo kila mtu angeweza kuisema mbele za watu bila kuona haya. Bibi yule hakai kwa mkwe. Anangoja mzigo.

Kesho yake tulikuwa shambani, mimi na mke wangu, tunang'oa karoti. Hakuniangalia. Alisema, "Baba watoto, ile mashine isipone."

Nikasimama na karoti mkononi. Nikamwambia mimi ni fundi, toka Soni mpaka Mlalo hakuna friji iliyowahi kunishinda, na watu wanalijua hilo.

"Sijasema ikushinde. Nimesema isipone." Kisha akakaa chini kwenye tuta, akalia. Alisema akimrudisha mama Vuga atakuwa anamwona kila asubuhi amelala kwenye tope anaita na hakuna anayesikia, msichana wa kazi amekwenda gulioni au amelala au ameshaondoka. Alisema hawezi kumwomba kaka yake, na mama mwenyewe hawezi kuomba kukaa, afadhali afe kuliko kuomba kukaa kwa mkwe. Mimi sijui kumbembeleza mtu anayelia. Nikamfuta udongo shavuni na mkono uliokuwa na udongo zaidi, akacheka katikati ya kilio, na nikakubali.

Basi nikaanza kuiumwisha mashine. Thamostati, kile kidude kinachopima baridi, ilihitajika kutoka Tanga. Ilipofika, haikufaa, ikabidi Dar. Gesi ilivuja mahali nisipopaona. Rangi ilipata mapovu, nikaikwangua upande mmoja nikaanza upya. Nilitengeneza vizuri kuliko nilivyowahi kutengeneza chochote, na kila nilichotengeneza nilikisingizia ugonjwa mwingine. Kila asubuhi kuku alitumwa kuuliza imefikia wapi, nami nikampa kuku taarifa ndefu yenye maneno ya kitaalamu. Kusema kweli nilianza kufurahia. Sijawahi kudanganya kwa bidii namna ile.

Na ukweli ni kwamba mashine ilikuwa imepona zamani. Alhamisi, mkwe akienda jumuiya na fimbo yake, nilikuwa naichomeka, inanguruma kwa upole kama paka, na baada ya saa mbili chupa zinatoka jasho. Nilikuwa nimenunua kreti moja ya soda kwa ajili ya majaribio. Mashine haikubali sarafu za siku hizi. Inataka ile shilingi moja ya zamani, nzito, nami sikuwa nayo, kwa hiyo nilikata washa za chuma, vile vipande bapa vya duara vinavyokaa chini ya nati, kwa kipimo chake. Natumbukiza washa, navuta chupa, nafungulia kwenye kifungulio cha ubavuni, kizibo kinadondoka kwenye kisanduku chake. Nakunywa nimesimama, barazani, natetemeka kwa baridi, kwa raha zangu. Halafu nachomoa umeme, nachomoa na rilei naiweka kwenye mfuko wa shati ili mtu akiichomeka isije ikanitoa aibu, na mashine inarudi kuwa mgonjwa. Baadaye hata mfuko nikauona ni mbali, nikawa naiacha juu ya kompresa palepale.

Siku moja nikafungua kisanduku cha vizibo kukisafisha. Mimi nilikuwa nimekunywa soda saba. Vizibo vilikuwa kumi na tisa.

Nikamshuku mke wangu. Aliapa kwa Biblia. Nikafungua kikopo cha sarafu, na pale katikati ya washa zangu zilikuwa zimelala shilingi za kweli, za zamani, zimesuguliwa mpaka zinang'aa. Katika nyumba yetu ni mtu mmoja tu mwenye shilingi hizo. Anazihifadhi kwenye kopo la poda toka enzi ambazo shilingi moja ilikuwa inanunua kitu, na hilo kopo lilikuja naye kutoka Vuga kwenye pikipiki, mkono umevunjika.

Nilikaa chini. Alikuwa ameiona rilei akiwa nyuma ya mabanzi, ameona inavyochomekwa, na tukienda shambani alikuwa anaiponya mashine mwenyewe, anakunywa soda yake, anairudishia ugonjwa wake, anarudi jikoni. Na kesho yake asubuhi anamtuma kuku kuniuliza imefikia wapi. Nilicheka mpaka mke wangu akadhani nimeugua. Siku iliyofuata kuku aliponiuliza, nilimwambia kwamba bado kuna tatizo kubwa kwenye kompresa, na nyuma ya mabanzi nikasikia, "Mwambie pole na kazi."

Mambo yangeendelea hivyo mpaka leo, kama si kiherehere changu.

Pale mjini kuna fundi mwingine wa friji. Sitasema mengi juu yake kwa sababu sina jema la kusema. Tulikutana dukani kwa muuza nyaya, watu wapo, naye akaniuliza kwa sauti ya huruma, "Fundi, nasikia sanduku la soda limekutoa jasho. Mwezi wa ngapi huu? Likikushinda niite, usione aibu."

Mtu mwenye akili angecheka akaondoka. Mimi damu ilipanda. Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba mashine ile imepona zamani, inatoa soda baridi mpaka meno yanauma, na kwamba yeye hata jiko la mkaa hawezi kulitengeneza. Watu wakashangilia. Nilipanda mlima kurudi nyumbani nikipiga mluzi, na nilikuwa nimefika nusu ya njia ndipo nikakumbuka ni nini mkwe anangoja. Maneno Lushoto yanatembea kuliko pikipiki. Kufika jioni, shemeji alikuwa ameshapiga simu kutoka Korogwe: amefurahi kusikia mashine imepona, Jumamosi anakuja na pick-up kumchukua mama na mzigo wake.

Mke wangu hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema tu, "Kichomoe kile kidude." Nami nikakataa. Nilimwambia watu wameshasikia kutoka mdomoni mwangu kwamba imepona. Nikisema haijapona nitaonekana mwongo, na fundi mwongo hana kazi. Niseme wazi, hilo halikuwa la kazi. Sikutaka yule mtu wa dukani anicheke. Niliona kwamba nina haki ya kutochekwa, na kwa ajili ya haki hiyo nilikuwa tayari kumwacha mama wa watu arudi kwenye ua wenye utelezi. Ijumaa nzima niliisugua mashine ile kwa hasira. Niliichomeka rilei, nikaijaza chupa, nikaiacha ingurume kutwa, na jikoni hakukuwa na kikohozi hata kimoja.

Jumamosi asubuhi pick-up ikaingia. Shemeji akateremka na miwani. Upande wa pili akateremka yule fundi wa mjini, eti amekodiwa kusaidia kubeba mashine bila kuivunja. Alinisalimia kwa heshima iliyozidi. Mke wangu akawakaribisha chai. Kifurushi cha mkwe kilikuwa kimeshafungwa, kiko mlangoni, na kopo la poda juu yake.

"Haya fundi," shemeji akasema, "tuonje hiyo baridi kabla hatujaipakia."

Nilikuta umeme umechomolewa ukutani. Nikadhani ni mke wangu. Nikachomeka, nikangoja ule mngurumo. Kimya. Nikagusa kijimlango, kilikuwa cha uvuguvugu. Nikazunguka nyuma, nikafungua kwa vidole nati nne za mfuniko, nikainamisha kichwa. Kwenye kompresa, mahali pa rilei, kulikuwa na pini tatu tupu zinanitazama. Juu ya kompresa hapakuwa na kitu.

Nikamtazama mke wangu. Alitikisa kichwa polepole. Hakuwa yeye, na nilimwona anashangaa kama mimi. Ndipo nikageukia mlango wa jiko.

Mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, palepale mbele za watu, mahali ambapo kwa miaka yote ile hajawahi kukaa nikiwepo. Ngumi ya mkono wake uliovunjika ilikuwa imebana pindo la kanga, na kwenye pindo kulikuwa na fundo lenye ukubwa wa kiberiti. Alikuwa ananitazama usoni. Nikaona kwamba ana macho ya mke wangu, na kwamba yamejaa hofu. Bibi yule hakuwa na uhakika nitafanya nini.

"Vipi?" shemeji akauliza.

Yule fundi alikuwa tayari anakuja kuchungulia, shingo mbele. Sekunde mbili zaidi angeona pini, na mtu yeyote wa kazi hii angejua mara moja kwamba kitu kimechomolewa kwa mkono. Nikaurudisha mfuniko nikaukandamiza kwa goti. Nilikuwa na rilei nyingine tano ndani, kwenye boksi la viatu. Ningeweza kuifufua mashine ile kabla chai haijapoa.

"Imenishinda," nikasema.

Yule fundi wa mjini alicheka. Alicheka ameshika magoti. Nilikunja ngumi, nikakunjua, nikakunja tena. Shemeji akasema basi, si neno, tuipakie hivyo hivyo, huyu mwenzako ataitengeneza kule kule Vuga, mama twende.

Mkwe akapiga fimbo chini. "Zawadi ya mkwe haitoki nyumbani kwake ikiwa nusu," akasema. "Na haimalizwi na mkono mwingine. Hukufundishwa?"

Sijui kama desturi hiyo ipo. Sijawahi kuisikia kabla ya hapo wala baada ya hapo, na mke wangu naye hajaisikia. Lakini shemeji pia hakujua, na kwa kuwa hakujua hakuthubutu kubisha mbele ya mgeni. Alivua miwani, akaivaa. Akauliza atangoja mpaka lini.

"Mpaka ipone."

Wakanywa chai yao, wakaondoka na gari tupu. Mpaka jioni habari ilikuwa imefika Soni na Mlalo kwamba sanduku la soda limenitoa kamasi, na wiki ile ile hoteli moja niliyoihudumia miaka mingi ilimwita yule mwenzangu. Nasema bila aibu kwamba iliniuma, na bado inaniuma.

Lakini kwanza, vumbi la pick-up lilipotulia, mke wangu alikibeba kile kifurushi akakirudisha ndani. Mimi nilibaki nimepiga magoti nyuma ya mashine, naokota nati zangu. Nikasikia fimbo inakuja. Nikaanza kuinuka ili nimpishe, kama siku zote, lakini ilisimama karibu yangu kabisa, na hakuita mtu wala mnyama yeyote.

"Usiharakishe, mwanangu," akasema.

Nikamjibu, "Ndiyo, mama."